Shule ndogo ikianza kuchuja, inamfundisha nani?

Najua nimepotea. Tangu nirudi kutoka fildi sijaandika hata mstari mmoja hapa, na wawili watatu mmeshaniuliza kama nimeolewa au nimeishiwa bando. Sijaolewa, na bando lipo (bumu limeingia Jumanne, hosteli nzima inanuka chipsi). Ila kuna jambo nimerudi nalo kutoka huko shuleni, na nimeshindwa kuandika kitu kingine chochote kabla sijalitoa. Leo nalitoa. Ni refu kidogo, kwa hiyo mwenye chai aiweke karibu.

Kwa wageni wa kijiwe hiki: mimi nasomea ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Jiografia na Kiswahili. Sisi watu wa ualimu kila mwaka tunapelekwa kwenye shule kufundisha kwa wiki kadhaa, siyo maigizo ya darasani tunayofanyiana wenyewe kwa wenyewe, bali watoto kweli na chaki kweli. Safari hii nilipangiwa shule ya binafsi, ndogo, iliyoko pembezoni mwa mji. Shule siitaji na mji siutaji. Sina ugomvi na mtu, na pia sitaki kesi.

Shule yenyewe ni mpya. Ina kidato cha kwanza na cha pili tu, madarasa mengine bado ni msingi wa matofali na nondo zinazoangalia mbinguni. Kidato cha kwanza walikuwa 26, cha pili 19. Jumla 45, shule nzima! Mimi nilisoma shule ya kata, kidato cha kwanza niliingia mwaka mmoja baada ya ada kuondolewa shule za serikali mwaka 2016, na kwenye mkondo wetu peke yake tulikuwa zaidi ya 90. Tuliokaa nyuma tulikuwa tunasoma midomo ya mwalimu. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoingia darasani nikakuta vichwa 26 na kila mmoja ana dawati lake, nilidhani wengine wako likizo.

Nilipompigia babu nikamweleza, alicheka. Akasema, "Mjukuu wangu, hiyo siyo sekondari. Hiyo ni midlo skuli." Babu alisoma enzi za mkoloni, wakati shule ya msingi ilikuwa darasa la kwanza hadi la nne, halafu unafanya mtihani, ukipenya unaingia midlo skuli darasa la tano hadi la nane. Wengi hawakupenya. Babu mpaka leo anawataja wenzake walioishia la nne kama mtu anayetaja waliozama ziwani. Wakati ule nilicheka naye. Sasa naona kuna kitu alikuwa ananiambia.

Nianze na mazuri, maana sipendi mtu anayerudi fildi na kuponda tu.

Walimu wa pale wanafanya kazi. Kila daftari linasahihishwa, siyo vema moja kubwa ukurasa mzima, hapana, kila jibu. Saa moja kasorobo asubuhi kuna kipindi cha marudio kwa wanaosuasua. Mwalimu wa zamu anajua nani hakunywa uji. Kuna mwalimu mmoja wa Kiswahili, mama mtu mzima aliyestaafu serikalini, anajua kila mtoto anaishi na nani na anapanda daladala gani. Nilikaa siku tatu tu akaniambia, "Mwanangu, yule wa dirishani usimuulize swali ghafla, anaganda. Mpe dakika, atakujibu." Nikampa dakika. Akanijibu!

Hiyo ndiyo ladha ya shule ndogo. Mambo tuliyoyasoma Mlimani na kuyaandika kwenye mitihani yetu kwa mbwembwe, pale yanawezekana. Benjamin Bloom, yule yule wa ngazi za maswali tunaowakariri kila semista, mwaka 1968 aliandika hoja moja nyepesi sana: ukiwapa wanafunzi wote muda uleule na mafundisho yaleyale, matokeo yatatawanyika, lakini ukimpa kila mmoja muda anaouhitaji na ukamrekebisha pale alipokosea kabla hujaenda mada nyingine, wengi wao watafika. Kwenye mkondo wa watu 90 hoja hiyo ni ndoto. Kwenye darasa la 26 ni kazi ya kawaida ya wiki.

Na siyo nadharia tupu. Kule Tennessee, Marekani, kuanzia mwaka 1985 walifanya jaribio kubwa la kuwagawa watoto kwa bahati nasibu, wengine madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine ya 22 hadi 25. Waliokuwa kwenye madarasa madogo walifanya vizuri zaidi, na waliofaidika zaidi walikuwa watoto wa kimaskini na watoto weusi. Kweli, wale walikuwa watoto wadogo, chekechea hadi darasa la tatu, na Tennessee siyo kwetu. Lakini ujumbe unaeleweka. Uchache wa watoto unamsaidia zaidi yule mtoto ambaye asingesaidiwa kwingine.

Sasa shikilieni hapo, maana ndipo mambo yanapogeuka.

Wiki ya tano mwalimu wa taaluma aliniita. Kaka mmoja mpole tu, anaongea taratibu. Akaniambia, "Mdogo wangu, naomba majina ya wa kidato cha kwanza ambao kwenye somo lako unaona hawataweza. Tunawaandaa wazazi mapema." Nikauliza wanaandaliwa kwa lipi. Akanielewesha kwamba shule ina wastani wake, 50. Ambaye hafiki 50 mwisho wa mwaka, mzazi anachagua: arudie darasa au atafutiwe shule "inayoendana na kasi yake".

Wastani 50, wadau. Kwa viwango vya NECTA alama 30 ni D, umefaulu somo. 45 ni C. Kwa hiyo mtoto ana C ya taifa mkononi, na bado shule inamwambia hajafika. Serikali imeshakemea mara kadhaa mtindo huu wa shule binafsi kufukuza au kukaririsha watoto kwa sababu ya wastani wa shule. Ndiyo maana siku hizi halisemwi neno kufukuza. Linasemwa neno kuandaa wazazi.

Na mimi nilifanya nini? Hapa ndipo aibu yangu ilipo, na ndiyo sababu nimekaa kimya muda wote huu. Nilifungua daftari la maksi, nikashuka na kalamu kutoka juu hadi chini, nikaandika majina manne. Ilinichukua dakika kama mbili. Jina la kwanza lilikuwa la binti mmoja aliyekuwa na 31 kwenye mtihani wa katikati ya muhula. Nilimwona ni mzito. Ametoka shule ya msingi ya serikali, St. Kayumba kama tunavyotaniana, wakati wengi wa wenzake wametoka za Kiingereza. Hapaishi kunyoosha mkono, na akiongea Kiingereza anaongea kama anavuka barabara. Nikampeleka kwenye orodha. Nilijisikia mwalimu kweli siku hiyo, nimepewa kazi ya walimu wakubwa.

Wiki ya sita nilikuwa nafundisha vipimo vya ramani. Ramani zetu nyingi za mashuleni ni zile za 1:50,000, yaani sentimita moja kwenye ramani ni nusu kilomita ardhini. Nikawapa umbali wa kupima: kutoka zahanati hadi darajani, kutoka shule hadi kituo cha polisi, na kadhalika. Jioni nikasahihisha. Ya yule binti yote makosa. Nikaweka mkasi, mkasi, mkasi. Nilipofika la nne kalamu ikasimama yenyewe.

Jibu sahihi la kwanza ni kilomita 3.5, yeye kaandika 4. La pili ni 6, kaandika 6.5. La tatu 2.5, kaandika 3. La nne hivyo hivyo. Kila jibu limezidi nusu kilomita kamili, wala halijazidi zaidi wala pungufu. Mtu asiyeelewa hakosei kwa utaratibu namna hiyo! Asiyeelewa anakosea ovyo ovyo, leo huku kesho kule. Huyu alikuwa anakosea kwa nidhamu.

Kesho yake nikamwomba apime mbele yangu. Akatoa rula yake ya plastiki. Wadau, ile rula ilikuwa imevunjika mwanzoni. Sifuri haipo. Inaanzia kwenye moja. Anaweka ncha ya rula kwenye zahanati, anasoma namba iliyoko darajani, na kila mara anapata sentimita moja ambayo haipo. Nikarudi kwenye mtihani wake wa katikati ya muhula. Swali la ramani, hivyo hivyo. Swali la kuchora mihimili ya mvua ya kila mwezi, kinyume chake, kila mhimili umepungua sentimita moja, kwa sababu alikuwa anachora kutoka nchani hadi namba anayoitaka. Mahesabu yake ya kubadilisha vipimo yote yalikuwa sawa. Nilisahihisha upya nikimhesabia njia aliyoifuata. Ikawa 44.

Nikamuuliza kwa nini hakusema rula imevunjika. Akatazama chini. "Madamu, nilijua ni mimi."

Naomba mlisome hilo jibu tena. Miezi saba kwenye shule yenye watoto 26 darasani, daftari linasahihishwa kila siku, na mtoto anaamini kilichovunjika ni yeye. Wala siyo kwamba hatukumsahihisha. Tulimsahihisha sana. Tulimwekea mikasi mizuri tu, kwa wino mwekundu. Hakuna aliyesoma kosa lenyewe, mimi nikiwa wa kwanza.

Nikakimbia kwa mwalimu wa taaluma kuomba nitoe jina. Akanisikiliza vizuri, hakunikaripia. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, orodha imeshakwenda kwa mkuu wa shule. La pili, "Hata hiyo 44 yako, mdogo wangu, siyo 50."

Na alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Hii siyo hadithi ya mtoto genius aliyefichwa na rula. Rula ilimla alama 13. Zilizobaki zilikuwa makosa ya kweli, Kiingereza cha maswali, mada ambazo hajazielewa. Alikuwa mwanafunzi wa kawaida, wa katikati, kama nilivyokuwa mimi. Swali likawa, je, shule ya watoto 45 ipo kwa ajili ya nani kama siyo kwa mtoto wa 44?

Nimeliwaza sana hili, na msimamo wangu ni huu. Uchache wa watoto ndio mtaji pekee ambao shule ndogo ya binafsi inao. Haina maabara kuizidi ya serikali, haina maktaba ya maana, walimu wake wengi ni vijana waliomaliza juzi wanaosubiri ajira. Inachoweza kumpa mzazi, ambacho shule ya kata haiwezi hata ikitaka, ni mwalimu mwenye muda wa kusoma kosa la mtoto mmoja. Ikishaanza kuchuja, mtaji huo inautupa. Kwa sababu ukishakuwa na mlango wa kumtolea mtoto, huna tena sababu ya kuuliza amekosea kwa nini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na nafasi nne za kujaza.

Na hesabu ya mchujo ni rahisi mno, haihitaji ualimu. Darasa lina watoto 26, wa chini wanne wakiondoka, wastani wa darasa unapanda siku hiyohiyo, na hakuna mtu aliyejifunza kitu kipya! Hakuna aliyefundishwa zaidi. Ni kama fundi nguo anayepunguza kiuno cha gauni halafu anasema mteja amekonda. Baadaye bango linawekwa barabarani: shule yetu haina sifuri. Mzazi anapita na daladala, anasoma, anavutiwa, anapiga simu. Hajui kwamba sifuri hazikufutwa. Zilihamishiwa shule ya jirani.

Najua kuna watakaonijibu, kwa hiyo nianze kujijibu mwenyewe.

Mmoja atasema, shule binafsi ni biashara. Ni kweli, sikatai. Ada ndiyo mshahara wa walimu, ndiyo unga wa ugali, ndiyo dizeli ya basi. Mmiliki akikosa watoto 10 mwakani, mwalimu mmoja anaondoka. Na watoto wanaletwa na matokeo. Mwaka 2023 NECTA iliacha kutangaza zile kumi bora, na wengi tulishangilia. Lakini kumi bora imehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi na kwenye mabango. Mama anauliza swali moja tu kwenye simu: division wani ngapi? Haulizi, watoto waliingia wangapi na waliomaliza ni wangapi. Kwa hiyo mkuu wa shule siyo shetani. Anajibu swali analoulizwa. Ila biashara nayo ina uaminifu wake. Mzazi amelipia mwanaye afundishwe, hajalipia mwanaye achaguliwe.

Mwingine atasema, mtoto asiyeweza ukimwacha atawavuta wenzake nyuma. Hilo nililiangalia kwa macho yangu. Kipindi kile nilichosimamisha darasa kuelezea rula iliyovunjika (bila kumtaja mtu), nikawauliza wote: kama rula yako haina sifuri, utapimaje? Kijana mmoja, wa kwanza darasani, alikaa kimya. Alizoea rula nzima. Walibishana karibu dakika 15, Kiingereza kikawashinda wakaingia Kiswahili, nami nikajifanya siwasikii kwa sababu nje kuna kibao kinachokataza. Mwisho wakaafikiana: anza popote, soma mwanzo na mwisho, kisha toa. Sasa niambieni, nani alimvuta nani? Kosa la mtoto mmoja liliwafundisha 26 maana ya kupima. Kabla ya hapo walikuwa wanajua kusoma namba tu.

Mwingine, huyu naye namheshimu, atasema kurudia darasa siyo kufukuzwa, kunamsaidia mtoto. Labda, kama atarudia na kitu tofauti. Lakini yule binti angerudia kidato cha kwanza na rula ileile.

Tunapenda sana kusema mtaala wetu ni wa umahiri. Sekondari tumekuwa nao tangu 2005, na mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika kwa awamu kuanzia 2024. Kwenye makaratasi, upimaji ni endelevu, yaani unapima ili ujue ufundishe nini kesho. Na muda mrefu kabla ya hapo, Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea ya 1967 alishalalamika kwamba shule zetu zimejengwa kwa ajili ya wachache wanaopenya kwenye mtihani, wengine wote wanaonekana walioshindwa. Karibu miaka 60 imepita. Tumefuta mtihani wa la nne uliowazamisha wenzake babu, tumeongeza madarasa, Sera ya Elimu toleo la 2023 inazungumzia elimu ya lazima ya miaka 10. Yaani taifa linapanua mlango, halafu shule yenye watoto 45 inafunga kidirisha chake yenyewe.

Basi ingefanya nini? Mimi ni mwanafunzi tu, ila nimekaa pale, nitasema.

Kwanza, alama ya kujivunia iwe umbali aliotembea mtoto. Mpime wiki ya kwanza anapoingia, mpime tena mwisho wa mwaka, mwonyeshe mzazi zote mbili. Mtoto aliyetoka 20 hadi 44 amefundishwa. Aliyetoka 78 hadi 80 pengine alijifundisha mwenyewe. Shule ya watoto 45 inaweza kuandika hilo kwenye daftari moja la kaunta.

Pili, badala ya orodha ya wasioweza, mwalimu wa taaluma aombe orodha ya makosa. Kila mwalimu aandike kwa kila mtoto aliye chini: anakosea wapi, na nimejaribu nini. Ningeombwa hivyo wiki ya tano, nisingeweza kujaza kwa dakika mbili. Ningelazimika kufungua madaftari, na ile rula ningeiona siku hiyohiyo.

Tatu, watoto wa Kayumba wapewe daraja la lugha la kweli. Kile kibao cha kukataza Kiswahili hakifundishi Kiingereza, kinafundisha kunyamaza. Mtoto aliyenyamaza hawezi kukwambia rula yake imevunjika.

Nne, na hili ni kwenu mnaotarajia kuwa wazazi (na nyie mlioanza mapema, mnajijua). Mkienda kuandikisha mtoto, ulizeni: walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na wangapi walifanya mtihani wa kidato cha nne pamoja? Mkuu wa shule akianza kukohoa, mmeshapata jibu.

Sasa mtaniuliza, binti iliishaje?

Wiki yangu ya mwisho mama yake aliitwa. Nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Ndiye wewe madamu wa Jiografia?" Nikasema ndiye. Nikamweleza habari ya rula, na nikamweleza pia kwamba jina mwanzo nililipeleka mimi. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Alinyamaza kidogo. Yeye ni fundi cherehani. Akasema, "Angeniambia tu. Mimi tepu yangu imeisha mwanzo siku nyingi. Naanzia inchi mbili halafu natoa."

Jibu ambalo darasa langu lililitafuta dakika 15 lilikuwa nyumbani kwao, juu ya meza ya cherehani.

Akaingia ofisini. Yule mwalimu wa Kiswahili, mama mstaafu, aliomba kuingia naye, na sijui alisema nini huko, ila alipotoka alikuwa anafuta miwani. Walikubaliana binti amalizie mwaka, aangaliwe tena Desemba. Siyo ushindi. Ni miezi mitatu. Mwalimu wa taaluma aliniaga vizuri, akaniandikia ripoti nzuri hata. Majina mengine matatu niliyoyaandika sikuweza kuyarudia kwa undani kama lile. Muda uliisha. Hao watatu ndio ninaowafikiria zaidi, kwa sababu sijui rula zao zilikuwa zipi.

Kabla sijaondoka nilimnunulia yule binti rula mpya. Akashukuru, akaiweka kwenye begi pamoja na ile ya zamani. Nikamwambia atupe hiyo iliyovunjika. Akasema hapana madamu, nimeshajua kuitumia.

Haya. Saa sita kasoro usiku, wenzangu chumbani wamelala na kesho nina kipindi saa moja. Nawauliza walimu wenzangu, na nyie mliosoma hizi shule ndogo: kwenu ilikuwaje? Kuna aliyewahi kuandaliwa mzazi? Semeni hata kwa kifupi.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda. Nitaandika habari za bumu na jinsi linavyoyeyuka.